Bila kuathirika vipi?

Nilipangiwa dakika ishirini. Mgeni rasmi akachelewa, kwaya ya chuo ikaongeza wimbo wa tatu, mshereheshaji akamaliza utani wake wote wa Wachaga na pesa, na zamu yangu ilipofika nikaletewa kikaratasi: "Dada samahani, jitahidi dakika saba." Mada yangu ilikuwa ridhaa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Novemba, ndani ya zile Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia zinazoanza Novemba 25 na kuisha Desemba 10. Chuo sikitaji. Moshi ina vyuo vya kutosha, na kila kimoja kina ukumbi wenye viti vya plastiki, vitambaa vya mapambo na spika inayokoroma. Fulana za rangi ya chungwa ziligawiwa tangu saa mbili asubuhi. Zilizobaki zilikuwa saizi za watu wakubwa tupu, kwa hiyo mabinti wa mwaka wa kwanza walizifunga fundo ubavuni. Mlima ulikuwa umejifunika. Nyuma ya ukumbi pilau lilikuwa limeshaanza kunukia, na aliyewahi kuzungumza mbele ya wanafunzi wenye njaa anajua maana yake.

Mgeni rasmi alizungumza dakika hamsini. Aliwaasa mabinti wavae kwa staha, akawaasa vijana wa kiume wajitume kwenye masomo. Neno ridhaa halikumtoka hata mara moja. Tulipiga makofi, na mimi nikiwemo.

Ila kuna kitu kimoja waandaaji walikipatia: sanduku la maswali. Lilikuwa boksi tupu la maji ya chupa, limetobolewa juu kwa kisu, likawekwa mlangoni pamoja na vikaratasi na kalamu mbili. Wakati wa chai nilikaa nalo pembeni nikavifungua kimoja kimoja. Vingine vilikuwa utani, kimoja kiliuliza pilau ni la nyama gani. Lakini kulikuwa na hivi:

"Nikisema ndiyo Jumatatu, Alhamisi naweza kukataa?"

"Demu akinyamaza si ameshakubali?"

"Amenilipia kodi ya geto miezi mitatu. Bado nina haki ya kumwambia sitaki?"

Na kimoja kwa wino wa kijani, herufi ndogo zilizobanana: "Msimamizi wangu anasema sura ya nne tukaijadili nje ya chuo. Nikikataa itakuwaje?"

Hicho nilikisoma mara tatu. Nikakikunja, nikakitia mfukoni.

Kwa wasionijua, mimi naishi kwa kuhoji watu. Ni mwaka wa tisa sasa. Watafiti wakubwa wanaandika maandiko, wanapata fedha, wanapata kibali cha kamati za maadili na cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, halafu mtu kama mimi anavaa raba na kuingia Pasua, Njoro, Rau, Uru, na kishikwambi mkononi na fomu kwenye mkoba. Watu hudhani kazi yenyewe ni maswali. Kazi yenyewe ni ile robo saa ya kabla ya maswali.

Kuna bibi mmoja nilimkuta Uru akianika maharage. Utafiti ulikuwa wa presha na kisukari. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kaa hapo, hicho kigoda kizima." Nikamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, kama tunavyotakiwa: utafiti ni wa nini, utachukua muda gani, tutatoa damu kiasi gani, nani ataziona taarifa zake, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kuathirika kwa namna yoyote. Wengi hufikia mstari wa tatu wakasema "we andika tu mwanangu". Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo naweza kukukatalia damu na bado tukaongea?" Nikamwambia ndiyo. "Na nikikukatalia yote, zahanati dawa zangu nitapewa?" Utapewa bibi, hayo hayahusiani na haya. Akafikiri. "Basi damu sitoi. Maswali uliza."

Nikatia alama kwenye "hapana" ya damu, nikamwita mjukuu wake awe shahidi, bibi akaweka dole gumba kwenye wino na kuligandamiza kwenye karatasi. Alifuta kidole kwa jani la mgomba. Nakala moja ya fomu ilibaki kwake, akaipachika darini pamoja na kadi ya kliniki. Tuliongea dakika arobaini, na nilipoondoka alinifungia ndizi.

Ule mstari wa kujitoa bila kuathirika haukuandikwa na mtu aliyekaa akaona ni maneno mazuri. Baada ya madaktari wa Kinazi kuhukumiwa huko Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, mahakama iliweka kanuni mwaka 1947, na ya kwanza kabisa ni kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima. Hata hivyo, huko Tuskegee, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao na bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa imeshapatikana miaka mingi. Walivutwa kwa vipimo vya bure, chakula cha moto siku ya kupimwa, na ahadi ya gharama za mazishi. Kila nikiona pilau kwenye kongamano huwa nawakumbuka wale wazee. Najua ni wazo la kichokozi.

Utafiti wa ukatili una masharti yake ya ziada. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2001, na sisi wa mitaani tunauishi hata kama jina lake hatulijui. Nyumba moja, mwanamke mmoja tu. Mtaani hausemi umekuja kuulizia vipigo. Unasema ni utafiti wa afya ya wanawake na maisha yao, ila mhusika mwenyewe mkiwa wawili unamwambia ukweli. Mnakaa pasipo masikio. Na unakuwa na maswali ya akiba. Siku moja, mtaa siutaji, mume aliingia ghafla katikati ya swali ambalo hakupaswa kulisikia. Bila kupumzika nikasema, "Na uji alianza akiwa na miezi mingapi?" Mke wake hakupepesa jicho: "Sita." Tukaendelea na lishe ya mtoto mpaka mwanaume alipochukua jembe akatoka. Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la nne.

Kuuliza nako kuna ufundi. Ukimuuliza mtu "umewahi kubakwa?", wengi watasema hapana, kwa sababu kichwani mwao kubakwa ni mtu mgeni, giza na panga. Mary Koss na wenzake waliliona hili kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani; katika utafiti wao wa 1987 waliwauliza wanafunzi 6,159 wa vyuo 32 kuhusu matendo yenyewe, moja baada ya jingine, wala hawakuuliza jina la kosa. Zaidi ya robo ya wanawake, asilimia 27.5, walieleza jambo lililotimiza maana ya kisheria ya kubakwa au kujaribu kubakwa tangu walipofikisha miaka 14. Wengi wa hao hawakuliita kubakwa.

Hapa kwetu Moshi nambari zipo, na huwa nashangaa wanafunzi wanaopita kila siku mbele ya majengo zilikotoka hawazijui. Laura McCloskey na wenzake walihoji wanawake 1,444 wa mji huu wenye umri wa miaka 20 hadi 44 mwaka 2002 na 2003: kama mmoja kati ya watano alikuwa amefanyiwa ukatili na mwenza wake ndani ya mwaka mmoja tu. Miaka zaidi ya kumi baadaye Geofrey Sigalla na wenzake waliwafuatilia wajawazito 1,112 waliokuwa wakihudhuria kliniki vituo vya afya vya Majengo na Pasua. Kama watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wakiwa na mimba, na hao walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzaa njiti. Vituo hivyo viwili unavifikia kwa bodaboda kabla muziki haujaisha kwenye simu.

Neno lenyewe linatuponza kidogo. Msomaji wa kurasa za michezo anaijua ridhaa kwa upande mwingine: soka la ridhaa, ngumi za ridhaa, yaani mchezo wa mtu asiyelipwa, anayecheza kwa kuwa anapenda. Mimi naona ni neno lilelile. Bondia wa ridhaa hadaiwi na promota, akiona leo mwili hautaki anakunja glavu anaenda nyumbani. Halafu kuna idhini, ambayo hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo: idhini ya mzazi, idhini ya mkuu wa idara. Vijana wengi huvichanganya viwili hivi, na ndipo linapozaliwa swali la kodi ya geto. Aliyelipa miezi mitatu anadhani amenunua idhini, aliyelipiwa anadhani ameuza. Pembeni kuna kuvumilia, kuna kuona aibu kukataa, kuna "haya basi yaishe". Aliyesema yaishe hajaridhia, amechoka tu.

Na ule msemo wa kunyamaza ni kukubali, tuurudishe ulikotoka. Ni wa posa. Binti anaulizwa mbele ya shangazi, wajomba na mashahidi, anainama kwa haya, wakubwa wanasoma uso wake. Kuuchukua msemo huo na kuupeleka geto la Rau saa saba usiku, ambako shangazi hayupo na mlango umekomewa, ni wizi wa methali.

Hayo niliyasema jukwaani, na hapo nadhani nilishatumia dakika nne kati ya saba zangu. Mshereheshaji alikuwa ameanza kunitazama.

Nikaenda Arusha, kwa maneno. Kilomita kama themanini kutoka tulipokuwa, kwenye jengo la AICC ambalo wengi tunalijua kwa mikutano na maonyesho, ndiko ilikokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Septemba 2, 1998, majaji watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kusema kwamba kubaka kunaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashtaka ya ubakaji hayakuwemo mwanzoni. Yaliongezwa mwaka 1997 kesi ikiwa inaendelea, baada ya mashahidi wanawake kueleza kizimbani mambo ambayo hawakuwa wameulizwa.

Lakini kilichonipeleka huko ni namna walivyoueleza ubakaji. Waliutazama kwa mazingira ya kulazimishwa, na wakasema kulazimishwa si lazima kuonekane kwa nguvu za mwili. Vitisho, kushurutishwa kwa hila, na kila aina ya shinikizo linalotumia woga au dhiki ya mtu vinaweza kuwa kulazimishwa. Sitaki kulinganisha ofisi ya mhadhiri na Taba ya 1994, ingekuwa kuwakosea adabu marehemu. Ila ile sentensi ya woga na dhiki imesomwa hapa kwetu, kaskazini mwa nchi yetu, na Akayesu mwenyewe kabla ya siasa alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa elimu.

Mwaka huohuo wa 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile wengi tunayoiita SOSPA. Inasema wazi kwamba kukubali kulikopatikana kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kutiwa hofu si kukubali, na adhabu ya kubaka haishuki chini ya miaka 30. Kuhusu kalamu ya wino wa kijani kuna sheria nyingine: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe kazi, cheo, haki au upendeleo, ametenda kosa. Adhabu waliyoiweka mwaka ule ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kuna wahadhiri ambao hiyo milioni 5 ni semina chache tu.

Nilisema kwenye maikrofoni: "Kuna swali sitalisoma hapa. Aliyeliandika ajue limefika. TAKUKURU wanapokea simu kwa 113. Na mimi nitakuwa nje kwenye simtanki mpaka saa kumi na mbili." Nikaongeza haraka haraka kwamba ukatili wa ngono hauwapati wasichana peke yao: utafiti wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa ngono kabla ya kufikisha miaka 18. Wavulana wa nyuma wakacheka kwa sauti, kile kicheko cha kusukumana mabega. Muda ukaisha.

Kwa nini nilikisoma kile kikaratasi mara tatu.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho, chuo nacho sikitaji, nilikuwa na msimamizi wa utafiti aliyesifika kwa ukali wa kazi. Alinifundisha mengi, siwezi kukataa. Kwenye sura ya tatu, sehemu ya maadili, niliandika kama wanavyoandika wote: "Washiriki watakuwa huru kujitoa wakati wowote bila kuathirika." Dokta alipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Bila kuathirika vipi? Fafanua watalindwaje wakikataa." Nilikaa maktaba siku mbili nikifafanua. Ndiyo sababu leo bibi wa Uru akiniuliza habari za dawa zake zahanati nina jibu.

Nilipompelekea sura ya nne alifunga mlango wa ofisi, akasema hapa watu wanaingia wanatoka. Kuna sehemu imetulia, njoo Ijumaa jioni tuimalize sura yako kwa kituo. Nikasema, "Sawa Dokta." Nilisema sawa kwa sababu sikuwa na neno jingine ambalo mwanafunzi humwambia Dokta. Ijumaa nilizima simu, nikalala kwa mwenzangu hosteli. Jumatatu alinisalimia vizuri tu, hata akaniuliza mvua ya kwetu. Sura yangu ilikaa mezani kwake wiki kumi na moja. Nilipouliza alikuwa bado hajapata nafasi. Wenzangu wakavaa majoho, mimi nikavaa mwaka uliofuata, baada ya kuhamishiwa kwa msimamizi mwingine kwa sababu nilizoziandika kwenye barua kuwa ni "za kifamilia".

Mama alikuwa ameshashona kitenge cha mahafali. Nilimwambia kuna karatasi haijakaa sawa. Kile kitenge kilining'inia kabatini mwaka mzima, na siku ilipofika ilibidi fundi akiachie kidogo kiunoni. Hajawahi kuniuliza zaidi, na sijui kama alijua. Kulikuwa na mwenzangu ambaye Ijumaa yake alikwenda. Simsemi vibaya, na nisingependa mtu yeyote amsemee vibaya mbele yangu. Alihitimu kwa wakati, lakini kwenye picha za mahafali amesimama pembeni kabisa.

Sikumshtaki. Nilikuwa sijui kifungu cha 25, lakini hata ningekijua, ningepeleka nini? Nilikuwa na "sawa Dokta" yangu mwenyewe.

Turudi kwenye makongamano. Wiki iliyofuata niliwaandikia waandaaji, kwa heshima zote, kwamba vikao vya siku moja havibadilishi kitu. Si maoni yangu. Mwaka 2014 Sarah DeGue na watafiti wenzake wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, walipitia tathmini 140 za programu za kuzuia ukatili wa kingono. Zilizoonyesha kupunguza matendo yenyewe kwa ushahidi wa kutosha zilikuwa tatu tu. Nyingi kati ya zilizopimwa zilikuwa kikao kimoja kifupi kwa wanafunzi wa vyuo: watu hutoka wakijua majibu ya dodoso, na baada ya muda hata hayo huyeyuka.

Halafu kuna ule wa Charlene Senn wa Kanada, uliochapishwa 2015. Wasichana 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa vipeperushi, kama wapewavyo wanafunzi popote. Nusu walipata vikao vinne vya saa tatu tatu, makundi madogo, wakijifunza kutambua hatari kwa watu wanaowafahamu, kujitetea kwa maneno na kwa mwili, na kuzungumzia wanachokitaka wao wenyewe. Baada ya mwaka, waliobakwa kwenye kundi la vipeperushi walikuwa asilimia 9.8, kwenye kundi la vikao, 5.2. Wapo wanaolalamika kwamba programu hii inamtwisha mzigo msichana badala ya mbakaji, na nakubaliana nao nusu. Mlinzi wa geti naye hamtoi mwizi tabia, lakini hakuna anayesema tumuondoe getini.

Jibu la waandaaji lilikuwa la upole. "Dada, tunakuelewa, ila bajeti ya vikao haina kifungu. Ya fulana ipo." Lakini walinipa chumba, maabara ya zamani ya kompyuta, Jumamosi nne kuanzia saa nane.

Kuhusu wino wa kijani: siku ya kongamano nilikaa kwenye simtanki mpaka viti vikapakiwa kwenye fuso. Hakuja mtu. Ningeweza kumtafuta. Vikaratasi vyote ninavyo, karatasi za mahudhurio zina mwandiko wa kila mtu, na ningelinganisha usiku mmoja nikampata. Nilizitazama zile karatasi kwenye meza ya usajili, nikaziacha hapo hapo. Mtu ameuliza bila jina, na jina lake ni lake.

Jumamosi ya kwanza maabara alikuja mlinzi tu, kuuliza nitafunga saa ngapi. Ya pili walikuja wasichana watatu na tukaongea saa mbili na nusu, mengi kuhusu nini cha kufanya jambo likishatokea: usioge kwanza, nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki huzitia ukungu na kuharibu ushahidi (na mifuko ya plastiki yenyewe ni marufuku tangu 2019, akadakia mmoja, tukacheka), wahi hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kukinga VVU zifanye kazi, omba fomu ya PF3 polisi, ukifika kituoni ulizia dawati la jinsia na watoto. Mmoja alikuwa anaandika kila kitu, kwa kalamu ya bluu. Nilijikuta nimeitazama ile kalamu, nikajionea aibu.

Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa tisa alikuja kijana mmoja, peke yake, fulana ya chungwa ndani ya koti. Nikamkumbuka kwa urefu. Alikuwa na wale wa nyuma. Hakukaa. Alisimama karibu na kompyuta zilizokufa, akagusa kibodi moja moja kama anayehesabu.

"Dada, ile mmoja kati ya saba. Walihesabuje?"

Nikamwambia. Walikuwa zaidi ya vijana 3,700, wa miaka 13 hadi 24, Bara na Zanzibar. Nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Wavulana walihojiwa na wanaume, wasichana na wanawake, faragha. Hawakuulizwa jina la kosa, waliulizwa kilichotokea: je, mtu aliwahi kukushika hivi, aliwahi kukulazimisha vile, ulikuwa na miaka mingapi, alikuwa nani kwako.

"Na walisema tu? Wanaume?"

"Waliotaka walisema. Kulikuwa na fomu kwanza. Swali ambalo hutaki, unaliruka."

"Jina?"

"Jina halimo."

Alitazama mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata mimi nilijisikia kwa shida. Sikumuuliza kitu. Alivuta kiti, akakigeuza kikaangalia ukutani, akakaa.

"Nianzie wapi?" akasema.

"Popote. Na ukitaka kuacha, unaacha."